Shahidi wa Usiku

Kazi ya kulea watoto walio katika tiba ya maradhi ya akili niliianza nikiwa na umri wa miaka 26, mjini Lubumbashi, katika nyumba ya matibabu ambayo jina lake nitalihifadhi, kwa kuwa miongoni mwa mambo nitakayoyasimulia yamo makosa, na makosa hayo ni yangu mimi, wala si insafu kuyatundika juu ya mlango wa nyumba iliyonipa riziki na elimu kwa miaka mingi. Sikuwa tabibu, wala sikuwa muuguzi mwenye shahada ya kutundikwa ukutani. Nilikuwa mtu wa zamu ya usiku, ile ambayo kwetu huitwa gardi, na amri niliyopewa siku ya kwanza na mkuu wa wauguzi, mama mwenye haiba kubwa na maneno machache, ilikuwa na vipande vitatu: nisilale, nisimpige mtoto, na niandike katika daftari kila nilichokiona pamoja na saa yake. Nilidhani kipande cha pili ndicho kizito. Miaka ilipita kabla sijatambua kwamba cha tatu ndicho kilichobeba vingine viwili.

Usiku wa Lubumbashi si usiku wa pwani. Mji umekaa juu ya uwanda ulioinuka zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na katika kipupwe cha mwezi wa Juni na Julai baridi yake humwamsha hata mtu aliyejifunika mablanketi mawili, sembuse mtoto anayelitupa blanketi lake kila linapomgusa. Kutoka dirisha la wodi yetu ilionekana kwa mbali ile dohani ndefu ya kiwanda cha shaba, na kando yake kile kilima cheusi cha takataka za madini, ambavyo ni alama ya mji wetu kwa wenyeji na wageni pia. Vitanda vilikuwa 14. Niliwajua walalao humo kwa sauti zao kabla ya kuwajua kwa sura: alikuwapo aliyezungumza na mama yake marehemu kwa upole, akimpa zamu ya kujibu, alikuwapo aliyesaga meno, na alikuwapo msichana ambaye hakustahimili mlango kufungwa, kwa sababu alikotoka alifungiwa, hata ikawa desturi yangu kuuegemeza mlango kwa kiti usiku kucha, na baridi tukaigawana sote.

Kazi yenyewe ni ya mikono. Aliyesoma vitabu vya maradhi ya akili hudhani kwamba siku za mlezi hupita katika mazungumzo marefu ya kufungua nyoyo, kumbe hupita katika kuogesha, kulisha, kukata kucha, kutafuta kiatu kilichopotea, kubadili shuka, kuhesabu vijiko kabla ya chakula na baada yake, kuamua ugomvi, na kuketi sakafuni karibu na mtoto anayepiga kichwa ukutani, kiganja chako kikiwa kati ya kichwa na ukuta, bila kusema neno lo lote, mpaka achoke yeye au uchoke wewe. Tabibu huja asubuhi. Ana wagonjwa wengi na muda haba, na mtoto mmoja humpata kwa robo saa. Saa nyingine zote za mtoto huyo zi mikononi mwa mlezi, na asiyeziona saa hizo hawezi kuzisimulia, hata awe na elimu kiasi gani.

Historia ya tiba ya akili imekuwa bahili mno wa kuwataja walezi. Dunia inamjua Philippe Pinel, tabibu Mfaransa, na wengi husadiki kwamba yeye ndiye aliyewafungua wendawazimu minyororo katika hospitali ya Bicêtre. Lakini aliyeifungua minyororo ile mwaka 1797, Pinel akiwa amekwisha hamishwa, alikuwa Jean-Baptiste Pussin, mtu aliyeanza maisha yake katika kazi ya kutengeneza ngozi, akaingia Bicêtre akiwa mgonjwa, akapona, akapewa kazi humo humo, akapanda hata kuwa msimamizi wa wodi. Huyo ndiye aliyewakataza watumishi wake kuwapiga wagonjwa, akapenda kuwaajiri watu waliokwisha kuugua na kupona, na akaandika aliyoyaona. Mjini kwetu kipo kituo cha tiba ya akili kilichopewa jina la Joseph Guislain, tabibu wa Ubelgiji, nacho sicho nyumba ninayoisimulia. Guislain alifanya kazi mjini Ghent pamoja na shirika la mabruda ambalo Padri Petrus Jozef Triest alilianzisha mwaka 1807, na mabruda hao, mwaka 1815, waliwatoa wagonjwa katika chumba cha chini ya ardhi cha ngome ya kale walimokuwa wamefungwa kwa minyororo. Kila nilipopita mbele ya jina lile niliwafikiri mabruda wale ambao majina yao hayakuandikwa mahali, walioshuka ngazi wakiwa na taa, na wakalazimika, baada ya minyororo kuanguka, kukesha na watu waliowafungua. Kufungua mnyororo ni kazi ya siku moja, nayo husifiwa; kukesha ndiko kazi ya kila siku.

Sina budi kusema neno juu ya lugha. Kiswahili ninachokiandika hapa nilikipata katika vitabu na kwa mwalimu wangu mmoja aliyewahi kukaa Tanganyika, walakini wodini hakuna aliyekizungumza. Watoto wetu husema Kiswahili cha Lubumbashi, chenye maneno ya Kibemba, Kiluba na Kifaransa ndani yake, nacho ni lugha kamili, ina adabu yake na uchungu wake. Mgeni wa pwani akisikia kwetu maneno “batoto balozi” huenda akadhani wanatajwa wana wa wajumbe wa serikali, kwa sababu kwake balozi ni mtu wa heshima aliyetumwa na nchi yake. Kwetu balozi ni wingi wa mulozi, yaani wachawi. Herufi ni zile zile, nazo upande mmoja wa Ziwa Tanganyika humvika mtu taji na upande wa pili humvua utu. “Mi hapana mulozi” ndilo neno la kwanza nililolisikia vinywani mwa watoto wengi, kabla ya jina na kabla ya salamu. Na wengine, waliokuwa wadogo zaidi au waliochoka zaidi, walisema kinyume chake, kwa sauti ile ile ambayo mtoto husema ana njaa.

Tuhuma hizi hazikushuka kutoka mawinguni. Wazee wetu waliamini uchawi, lakini mchawi wao aghalabu alikuwa mtu mzima, mwenye siri na mali ya kuonewa kijicho. Mtoto kushikwa na kuitwa mulozi katika mji mkubwa ni jambo lililoota mizizi katika zama zetu, na nililiona likikua pamoja na njaa. Kampuni ya shaba, iliyokuwa ya Wabelgiji na kuchukuliwa na serikali mwaka 1967, iliwalea wafanyakazi wake tangu leba hata kaburini: unga, shule, hospitali, nyumba. Mgodi wa Kamoto ulipobomoka mwaka 1990, kisha uporaji wa 1991, kisha miaka ile ya 1992 na 1993 Wakasai walipofukuzwa jimboni kwetu Katanga na familia zikakatwa vipande kwenye vituo vya treni, kilichokuwa kimesimama kikalala. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa kampuni hiyo, iitwayo Gécamines, waliachishwa kazi kwa ile iliyoitwa safari ya hiari, wakapewa malipo ya mara moja, na fedha zilipokwisha, mwanamume aliyekuwa akilisha watu 12 alirudi nyumbani akiwa na swali asilo na jibu lake. Jibu likatolewa katika vyumba vya maombi: yumo mtu nyumbani mwako anayekula bahati yako. Na kidole kilipoinuka hakikumwelekea mtu mwenye nguvu ya kujitetea. Kilimwelekea yatima, mtoto wa mke aliyetangulia, mtoto anayekojoa kitandani, mtoto asiyetulia, mtoto anayeanguka. Nimewaona makumi yao, na sikumbuki hata mmoja aliyekuwa kipenzi cha mtu mwenye kauli katika nyumba ile.

Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009, inayolinda mtoto, katika kifungu chake cha 160 imeweka adhabu ya kifungo juu ya mtu anayemtuhumu mtoto uchawi. Niliisoma kwa furaha. Lakini mtoto nitakayemsimulia alitufikia kabla ya sheria hiyo, na hata kama ingalikuwapo, sheria haiingii chumbani usiku. Na tuhuma hizi zote, ukizichungua, ni tuhuma za usiku. Hakuna anayesema kwamba mtoto alimla mjomba wake saa sita mchana sokoni. Husemwa kwamba usiku, watu wakiwa wamelala, mwili wa mtoto hubaki mkekani kama ganda na mwenyewe hutoka, huruka, hukutana na wenzake, na hula. Atakanusha nani? Waliolala hawakuona, na mtoto mwenyewe alikuwa amelala.

Aliletwa mwezi wa Juni, mwaka 2005, naye alikuwa na umri upatao miaka tisa. Sitamtaja jina, wodini tulimweka kwenye kitanda cha dirishani. Baba yake alikuwa mmoja wa walioondoka kazini mwaka 2003, akafa mwaka uliofuata, na mtoto akachukuliwa na baba yake mdogo, katika wilaya ya Katuba mjini kwetu. Kosa lake lilikuwa hili: asubuhi nyingine aliamka akiwa na damu midomoni. Walimwuliza ni damu ya nani. Hakujua. Walimpeleka katika chumba cha maombi, wakamfungisha saumu kavu, na siku baada ya siku wakamwuliza swali lile lile, mpaka akatoa jibu waliloliridhia, akasema ni damu ya baba yake. Nkambo yake, yaani nyanya yake mzaa baba, mjane auzaye makaa katika wilaya ya mji wetu iitwayo Kenya, alipopata habari alikwenda kwa miguu, akamtoa kwa nguvu za kelele, akatuletea.

Usiku wa pili, wenziwe wakiwa wamelala, alinyanyua kichwa akaniita. “Papa,” akasema, “usilale. Nikilala, nitatoka.” Nilikwenda nikaketi kando ya kitanda. Akanitazama kwa muda, kisha akaongeza: “Ukiona natoka, unishike.”

Nimepata katika maisha yangu maagizo kutoka kwa wakubwa wa kazi, kwa mapadri, na kwa baba yangu akiwa katika sakarati. Hakuna agizo lililoniingia kama lile. Mtoto alikuwa amekwisha sadiki kwamba yeye ni jambo la kutisha, na alichokitaka kwangu hakikuwa kumbishia, maana ni nani asiyembishia. Alitaka mtu akae macho, aone, na asubuhi amwambie alichokiona.

Usiku wa tatu, saa nane na dakika kumi, nilisikia mkoromo usio wa usingizi. Mwili ulikuwa umekakamaa kama ubao, macho yamepinduka, kisha mikono na miguu ikaanza kutupwa-tupwa. Nilimlaza ubavu, nikaweka nguo chini ya kichwa, nikatazama saa. Dakika mbili. Mate yalitoka na damu, kwa kuwa aliuma ulimi. Shuka likalowa mkojo. Kisha usingizi mzito ukamchukua. Asubuhi alipoamka aliuliza: “Nilitoka?” Nikamwambia hapana, ulikuwa hapa, niliona, saa nane na dakika kumi ulishikwa na kifafa, ukauma ulimi, damu ile ni ya ulimi wako. Akautoa ulimi akaugusa kwa kidole, mahali palipouma, akakitazama kidole. Hakusema kitu. Tangu siku hiyo kila asubuhi aliuliza neno hilo moja, nami, au mwenzangu tuliyepokezana naye zamu, tulimjibu kwa saa na dakika.

Kifafa ni miongoni mwa maradhi yaliyoenea mno duniani. Shirika la Afya Duniani linakadiria wagonjwa wake kuwa karibu milioni 50, na karibu wanane katika kila kumi wanaishi katika nchi zisizo na utajiri, ilhali hata asilimia 70 ya wagonjwa wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepata dawa na kuimeza sawasawa. Fenobarbitali, ambayo uwezo wake wa kuzuia kifafa ulijulikana mwaka 1912, ni dawa ya bei ndogo. Kwetu sababu ni nyingi: uzazi mgumu, majeraha ya kichwa, na hususa malaria inayopanda ubongoni, ambayo humwacha mtoto hai lakini huweza kumwachia kifafa na tabia iliyogeuka. Na aina nyingine ya kifafa huja usiku tu, ikamwacha mgonjwa mchana akicheza kama wenzake. Upo mtambo wa kupima mawimbi ya ubongo, uliovumbuliwa na Mjerumani Hans Berger, aliyeyapata mawimbi ya kwanza ya mtu mwaka 1924. Sisi hatukuwa nao, na hata penye mtambo huo, mara nyingi mtoto huwekwa chini yake mchana kwa muda mfupi, akatoka bila kuonyesha kitu. Daftari la mtu aliyekesha ni chombo duni kikilinganishwa nao, lakini liko pale saa nane usiku.

Watu wa pwani huita mtukutiko wa mtoto degedege, na wahenga wao waliusingizia ndege wa usiku apitaye juu ya nyumba. Nimesikia wasomi wakiicheka itikadi hiyo. Mimi siicheki. Ndege akisingiziwa huruka zake na mtoto hubaki kifuani mwa mama yake. Kwetu ndege ameondolewa, na lawama imewekwa juu ya mtoto mwenyewe.

Tena nilijifunza kwamba hata tiba, isipoelezwa mapema, huweza kugeuzwa shahidi wa upande wa tuhuma. Katika mwaka wangu wa kwanza mvulana mmoja wa miaka 13 alianzishiwa haloperidoli, na usiku wake shingo ikapinda nyuma, macho yakapanda juu yasishuke, ulimi ukatoka nje ukakaza. Mama yake, aliyekuwa amelala naye, alipiga ukelele kwamba pepo anajitokeza, na mimi, ambaye sikuwa nimeambiwa kitu, niliogopa kuliko yeye. Muuguzi alikuja na sindano, na katika muda usiotimia nusu saa shingo ikanyooka. Yalikuwa madhara ya dawa tu, yanayojulikana na yenye dawa yake. Tangu hapo sikukubali mtoto amezeshwe kidonge cha namna hiyo kabla ya mzazi wake kuelezwa, kwa maneno ya nyumbani, kinachoweza kutokea. Jambo lisilopewa jina kabla ya usiku hupewa jina na hofu.

Sasa nafikia sehemu ambayo kwa ajili yake nimeandika.

Usiku wa 19 wa mtoto yule nililala. Nilikuwa nimefanya kazi nyingine mchana, na nyumbani binti yangu alikuwa na homa, lakini haya si udhuru. Nilikaa kitini, nikafunga macho, na nilipoyafungua ilikuwa saa kumi na moja alfajiri. Nilikwenda kwenye kitanda cha dirishani. Shuka lilikuwa limelowa, na juu ya mto palikuwa na doa la damu lililokwisha kauka. Nilijua kilichotokea, sikujua saa, sikujua kama kilitokea mara moja au mara tatu. Ningeweza kuandika hivyo. Badala yake nilimgeuza mtoto taratibu, nikaondoa shuka na mto, nikavifua bombani kwa maji yaliyokuwa kama barafu, nikatandika vingine, na katika daftari nikaandika: “Amelala vema. Hakuna tukio.” Mtoto alipoamka aliuliza: “Nilitoka?” Nikasema: “Hapana.” Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaenda kunywa uji.

Tabibu alilisoma daftari. Alikuwa akifikiria kuongeza dawa. Alipoona usiku ule mweupe, na usiku mwingine mweupe uliotangulia, aliona kipimo kimetosha, akakiacha kama kilivyo. Siku nne baadaye, adhuhuri, mtoto alianguka uani. Kabla hajarudiwa na fahamu akaanguka tena, na tena, kifafa juu ya kifafa, kwa muda uliokaribia saa nzima, hata diazepamu ikamtuliza. Aliokoka. Mkono wake wa kushoto ulilegea kwa siku mbili, na kwa muda wa asubuhi sita hakusema neno, kwa hiyo asubuhi sita sikuulizwa swali langu. Siwezi kusema kwa yakini kwamba dawa ikiongezwa asingalianguka. Tabibu mwenyewe, nilipomwuliza, hakuniambia hivyo. Lakini najua kwamba aliamua kwa neno langu, na neno langu lilikuwa la uongo.

Asubuhi ya saba nilikwenda kwa mkuu wa wauguzi, nikamweleza yote pamoja na habari ya shuka. Nilitaraji kufukuzwa, na nafsi yangu ilitamani hivyo, kwa kuwa adhabu humaliza jambo. Alinyamaza, akalichukua daftari, akalifungua ukurasa ule, akanipa kalamu. Aliniamuru nipige mstari mmoja juu ya maneno yangu bila kuyafuta, ili yasomeke, na kando yake niandike: “Si kweli. Nililala. Alfajiri shuka lilikuwa limelowa, na damu juu ya mto,” pamoja na tarehe na jina langu. Niliuliza kama nisiuchane ukurasa na kuandika upya. Akasema: “Usiku huo haukupita upya.”

Mwezi wa Agosti mtoto alikuwa tayari kurudi nyumbani. Kurudi ndiko kugumu. Tabibu Thomas Adeoye Lambo wa Nigeria, tangu mwaka 1954, huko Aro karibu na Abeokuta, aliwapangishia wagonjwa wake katika vijiji vya jirani, kila mmoja na ndugu wa kumwangalia, kwa kuwa aliona kwamba mtu aliyetengwa na jamaa zake ili atibiwe hupona kwa nusu tu. Na mjini Dakar, katika hospitali ya Fann, Henri Collomb naye aliruhusu mgonjwa alale na mtu wa nyumbani kwake. Walijua kwamba dawa humpoza mgonjwa na jamaa ndiyo humpokea. Kwa hiyo mkuu wa wauguzi alinituma kwa nkambo yake, siku ya Jumapili, katika kikao cha ukoo, nikiwa na vidonge vya mwezi mmoja na daftari.

Tulikaa uani, kati ya magunia ya makaa. Baba mdogo alikuwapo na mkewe, na wazee watatu, na kijana mmoja wa chumba cha maombi. Sikuhubiri. Nilisema kwamba nimetumwa kusoma, nikasoma. Usiku wa kwanza, amelala, ameamka saa saba kunywa maji. Usiku wa pili, hakulala mpaka saa tisa. Usiku wa tatu, saa nane na dakika kumi, kifafa, dakika mbili, ameuma ulimi. Nikaendelea hivyo, usiku baada ya usiku, usiku 71, na kati yake usiku 13 wa kifafa. Na walio uani, waliokuwa wakinong’ona nilipoanza, walinyamaza walipoanza kuuona usiku wa mtoto, pengine kwa mara ya kwanza, ukiwa na maji ya kunywa na blanketi lililoanguka ndani yake. Mtoto alikaa chini karibu na magoti ya nkambo yake, akisikiliza kama anayesomewa barua.

Nilipofika usiku wa 19 nilisoma mstari uliokatwa, kisha nikasoma yaliyoandikwa kando yake.

Baba mdogo akainua mkono. “Papa,” akasema, wala hakusema kwa ubaya, “ile usiku ulilala, alikuwa wapi?”

Sikuwa na jibu. Usiku 70 niliokuwa nao mkononi haukunisaidia kitu. Palikuwa na mlango mmoja ulioachwa wazi, nami ndiye niliyeuacha. Niliona mtoto akigeuza uso, akinitazama, na nilielewa kwamba alikuwa ameyasikia maneno “si kweli” nayo yalikuwa yamemfikia kabla ya kumfikia mtu mwingine ye yote uani pale.

Nkambo yake alikuwa akichambua makaa kwa vidole, akitenga vumbi. Hakuinua kichwa. “Shuka lililowa?” akaniuliza.

“Ndiyo, Nkambo. Lililowa.”

“Lote, au pembeni?”

“Katikati. Mahali alipolala.”

“Na damu, kwenye mto wake?”

“Kwenye mto wake.”

Akakung’uta mikono. “Basi alikuwa pale,” akamwambia mwanawe. “Mutoto hawezi kukojoa pahali haiko.”

Mzee mmoja akaguna kwa kukubali. Baba mdogo alitazama chini kwa muda mrefu, na sikuweza kujua moyoni mwake mna nini. Nkambo akanyoosha mkono kuipokea bahasha ya vidonge, akaifungua, akamimina kimoja kiganjani akakitazama, kisha akaniuliza kama kinamezwa kabla ya bukari, ugali wetu, au baada yake.